Picha ya Bi Harusi katika Barua ya Maombi

Mimi na mume wangu tulifika Mombasa mwanzoni mwa miaka ya tisini, tukiwa wamisionari. Najua neno hilo humletea msomaji sura ya Mzungu mwenye kofia pana. Sisi tulitoka nyanda za juu za Tanzania, kwenye migomba na baridi, na sharika za huko ndizo zilizotutuma na kutuombea. Mume wangu alikuwa mchungaji. Mimi nilikuwa mke wa mchungaji, kazi ambayo haina maelezo popote, kwa hiyo nikajiandikia mwenyewe katika daftari: nitawafundisha wanawake wa Mji wa Kale malezi, usafi na upishi.

Unaweza kuuliza ni nani aliyeniambia kwamba wanawake wa Mji wa Kale hawajui kupika. Hakuna aliyeniambia. Nilikuwa na daftari, basi.

Tulipanga orofa ya juu ya nyumba ya zamani karibu na Makadara. Mwenye nyumba, mama wa makamo aliyefiwa na mumewe, aliishi chini na binti yake. Siku ya nne baada ya kuhamia, alipanda ngazi na kusimama mlangoni.

"Hodi! Mama Mchungaji, hujambo?"

"Sijambo, mama."

"Mchungaji hajambo? Watoto hawajambo?"

"Hawajambo wote."

"Na wali je? Maana nimeusikia tangu chini, nahisi haujambo sana."

Wali ulikuwa umeungua. Akaingia jikoni, akanisogeza kwa kiwiko, na tangu siku ile akawa ananifundisha: tui zito liingie lini, tui jepesi lini, makaa yawekwe juu ya kifuniko wakati gani. Mimi katika ripoti ya kwanza kwenda nyumbani niliandika: "Darasa la upishi limeanza vizuri." Haikuwa uongo. Darasa lilikuwepo. Sikusema tu nani alikuwa mwanafunzi.

Hapa nieleze kidogo kuhusu ripoti hizo, kwa sababu ndizo zilizoniponza. Kila baada ya miezi mitatu tuliandika barua ya maombi. Ilisomwa kanisani baada ya ibada, usharika baada ya usharika, kisha ikabandikwa kwenye ubao wa matangazo mlangoni pamoja na picha. Picha ilikuwa muhimu kuliko barua. Watu wanataka kuwaona wale wanaowaombea, na kwa ajili hiyo tulipewa kamera.

Tulipokuwa tumekaa miaka miwili, binti wa mwenye nyumba akachumbiwa. Wiki ya harusi wanawake wa mtaa walijaa pale chini. Binti alisuguliwa kwa singo hata ngozi ikang'aa, akapakwa hina na piko mikononi na miguuni, akafumuliwa nywele zake ndefu na kuvishwa asumini. Mabuibui yote yalikuwa yamevuliwa na kutundikwa misumarini. Nikashuka na kamera.

"Haya, Mama Mchungaji, tupige!" wakasema wenyewe. "Mpige bi harusi mikono ionekane!"

Nilimpiga mikono ikaonekana, na nywele, na mabega, na lile tabasamu lake la kuona haya.

Filamu niliipeleka studio jioni ile ile. Siku ya pili picha zikawa tayari, na mzee mmoja wa kanisa kutoka kwetu, aliyekuwa amekuja kututembelea, alikuwa akiondoka kesho yake kwa basi la Tanga. Nikaandika barua mbio mbio, nikachagua ile picha nzuri kuliko zote, na nyuma yake nikaandika: "Binti anajiandaa kwa ndoa. Mwombeeni." Nikaifunga bahasha kwa gundi. Mume wangu akampelekea mzee pale alipofikia, nyumba ya wageni upande wa Makupa.

Kisha nikashuka na picha zilizobaki, nikijisikia mtu mwema sana.

Mama wa chini alizipokea kwa furaha. Akazitazama moja moja. Halafu akauliza, bila kuinua macho, "Nani alozisafisha?"

"Studio, mama. Ile ya kona."

"Ya yule Muhindi? Anayekaa kwenye mashine ni mkewe. Alhamdulillahi." Akavuta pumzi. "Na zote ni hizi?"

Sasa mimi, mtu akiniuliza kitu, sijibu. Naeleza. Nikamweleza kwa upole kabisa jinsi barua ya maombi inavyofanya kazi. Kwamba picha moja iko kwa mzee. Kwamba kesho itavuka mpaka. Kwamba itabandikwa ubaoni mlangoni pa kanisa, kisha itahamishiwa usharika wa pili, na wa tatu, na kwaya za wanaume nazo zitaiona na kumwombea binti.

Aliniacha nikamaliza. Ndipo akasema, "Mwanangu, keti."

Nikaketi. Akanieleza kwa maneno machache kile ambacho kila mtoto wa mtaa ule alikijua. Bi harusi aliyewekwa ndani haonwi na mwanamume asiyekuwa wake. Akipambwa vile, wa kwanza kumtazama ni mumewe. Picha za siku ile hukaa mikononi mwa wanawake, kabatini, chini ya nguo. Hakuna aliyenionya kwa sababu hakuna anayemwonya mtu mzima asitoke nje uchi.

"Harusi ni kesho kutwa," akasema. "Dada zake bwana harusi wana jamaa Tanga, wana jamaa Arusha, wana jamaa kila mahali. Neno hili likiwafikia, mwanangu ataanza nyumba yake kwa kusimangwa."

Alikwisha kuvaa buibui kabla sijasimama. Tukapanda teksi, na njia nzima alisema na dereva tu. Nilitamani anitukane.

Mzee wa kanisa tulimkuta barazani mwa nyumba ya wageni akifunga sanduku lake kwa kamba. Nilimwambia naomba bahasha yangu.

"Haiwezekani," akasema. "Barua ya kanisa nimekabidhiwa imefungwa, nitaifikisha imefungwa."

"Mzee, niliiandika mimi!"

"Na ukaikabidhi. Sasa si yako."

Mama wa chini akasogea mbele. Alimsalimu kwa utaratibu, akamuuliza habari za wa nyumbani, za safari, za usingizi wa ugenini, mpaka yule mzee akaachia kamba na kuketi. Ndipo akamwambia, "Mzee wangu, nawe una binti?"

"Ninao watatu."

"Humo ndani mna picha ya wangu, hana mtandio. Kaingizwa humo kwa kutojua. Nakuomba kama baba."

Mzee aliuvuta mkoba wake. Akaitoa bahasha mkobani, akanipa mimi, na akageuza uso kuelekea ukutani. Nikaifungua. Mama akaichukua picha na kuitia ndani ya buibui.

Ningekuwa na akili ningeondoka hapo hapo.

"Lete barua," mzee akasema, akivaa miwani. "Lazima nihakikishe hakuna kingine kilichopungua." Akaanza kusoma kwa sauti, ile sauti ya kusomea kanisani. "'Jirani yetu wa chini ni mama mwenye moyo mzuri, ila hakuwa na maarifa ya nyumbani. Namshukuru Mungu kwamba baada ya mafunzo yangu sasa anaweza kupika chakula bora...'"

"Ngoja," mama akasema. "Chini yenu si nakaa mimi?"

"Ni wewe, mama," nikasema.

"Mzee, hebu rudia hapo."

Akarudia. Ninakuapia, msomaji, alisoma polepole zaidi mara ya pili.

"Mama Mchungaji," mzee akaniuliza juu ya miwani, "nani amemfundisha nani?"

"Yeye ndiye aliyenifundisha."

"Na usafi, na malezi?"

"Malezi pia. Usafi nilikuja nao."

"Sharika zetu zimeliombea darasa hili la upishi miaka miwili!"

"Basi maombi yamejibiwa," mama akadakia. "Sasa ajua kupika. Alikuja hajui, maskini, watoto walikuwa wakila mkaa." Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu tutoke nyumbani, akacheka, cheko la kutikisa buibui zima. Mzee naye mabega yakaanza kumcheza.

Barua niliiandika upya palepale, juu ya sanduku la mzee. Mama alisimama nyuma yangu akinisimamia kama mwalimu wa darasa la kwanza. Nilipoandika "tunaishi vizuri na majirani," akasema, "Ongeza kwamba majirani wanawavumilia." Nikaongeza. Picha nyingine haikuwepo. Mzee akasema wakiuliza atawaeleza kwamba tumenenepa.

Tuliporudi, binti alikuwa amekaa mkekani chumbani kwa mama yake, hina ya mikono ikiwa imekolea, ya vidole vya miguu imerudiwa na bado mbichi.

"Mama, Mama Mchungaji ameleta picha? Zi wapi?"

Mama yake akaenda ukumbini, akakusanya zile zilizokuwa mezani, akaichomeka ile moja katikati yake, akampa. "Hizi hapa. Zote."

Binti akazipekua, akaifikia ile nzuri, akaitazama kwa muda mrefu. Akaigeuza. "Nyuma pameandikwa. 'Mwombeeni.' Aombewe nani?"

Nikafungua kinywa ili nieleze. Mama yake akanitazama. Nikakifunga.

"Wewe," mama akamwambia. "Sema amina, uziweke kabatini."

"Amina," binti akasema, akainuka na kwenda nazo chumbani, akitembea kwa visigino asiharibu hina ya vidoleni.