Sheryl na Kelele za Mashine

Adoyo hakumwamini mwalimu Machogu hata chembe. Mtu gani anamfundisha mtoto wa wenyewe obokano, lile zeze kubwa la Wagusii lenye nyuzi nane, mihula miwili mizima, asiombe hata kikombe cha chai? Lazima kuna jambo.

Adoyo alitoka Homa Bay akaja kufungua mashine ya kusaga mahindi hapa Suneka. Binti yake Sheryl, miaka minane, darasani alikuwa haambulii kitu. Hospitalini walimpima wakasema masikio ni mazima, ila penye kelele maneno yanamchanganyikia. Na darasa lenyewe lina watoto sitini! Mwalimu mkuu akakata shauri: mwaka ukiisha hajabadilika, aende shule ya bweni ya viziwi. Adoyo alilia siku mbili. Ndipo Machogu akajitokeza, eti muziki utamfunza mtoto kuchambua sauti.

"Sikio hufunzwa, Mama Sheryl," alimwambia, "kama mkono unavyofunzwa kuchuma chai."

Maneno matamu hayo, Adoyo akaona, na maneno matamu ndiyo ya kuogopa.

Jumamosi moja akanyata hadi dirisha la darasa, akachungulia. Watoto wengine walikuwa wakigonga madebe, fujo tupu. Machogu, mgongo kwa Sheryl, akagusa uzi mmoja. Sheryl akaimba sauti ile ile. Mwalimu akataja neno kwa sauti ya chini. Sheryl akalirudia bila kukosea.

"Wamepanga hawa," Adoyo akajiambia. "Wamejua niko hapa." Moyo mgumu ulioje, jamani.

Jumatatu Esnah, mteja wake wa siku nyingi, alileta mahindi na kumuulizia mtoto. Mashine ilikuwa ikinguruma, na Sheryl yuko nyuma yao anakunja magunia. Adoyo alikuwa amezoea: mashine ikiwaka, husema lolote juu ya mtoto, mtoto yuko pale pale.

"Nimechoka, Esnah. Heri huko bweni wamchukue tu. Huyu ni mzigo. Mdogo wake ndiye atakayenifaa."

Unga ulipokwisha kutoka, Adoyo akazima mashine, akajipangusa uso.

"Mama," Sheryl akaita, "nikienda bweni utakuja kuniona?"

Adoyo akageuka na hasira zake zote. "Nani amekwambia unaenda? Ni Machogu?"

"Ni wewe, mama. Sasa hivi. Umesema mimi ni mzigo."