Binti yangu hatakiwi kuguswa na jua: likizo ya Mahege na mlango niliozuiwa kuingia

Wakuu, wakubwa shikamooni, wengine habari za mihangaiko.

Leo nimekuja na yangu mwenyewe, siyo ya "rafiki yangu mmoja". Yalinikuta likizo iliyopita huko Kibiti. Sitaongeza chumvi, maana ilivyo imeshakolea.

Nina binti, tumwite Salma. Kwa umri angekuwa darasa la pili, ila anasomea nyumbani. Amezaliwa na maradhi ambayo ngozi haivumilii mwanga wa jua hata kidogo. Hana ualbino, hilo watu huuliza kwanza. Ni mweusi tii kama mimi baba yake.

Lile jua unalotembea nalo kwenda dukani, yeye linamuunguza. Anavimba, anatoka malengelenge, na daktari alituambia kila kuungua kunamsogeza karibu na saratani. Hata kukiwa na mawingu. Hata la kupitia dirishani.

Sasa likizo ikifika, watoto wa jirani wote wanaenda kwa bibi zao. Wakirudi anawasikia wakisimulia. Siku moja akaniuliza, "Baba, na mimi kwa bibi nitaenda lini?"

Wakuu, hapo hata uwe chuma utalainika.

Bibi yake, yaani mama mkwe wangu, anakaa Mahege, kijijini hukohuko Kibiti. Mke wangu alikuwa na kichanga, kwa hiyo safari ikawa yangu. Nilitangulia kwanza peke yangu kuandaa chumba. Dirisha nikaliziba kwa turubai jeusi, ule mwanya wa ukuta na bati nikaujaza matambara, mlangoni nikatundika mapazia mazito. Nikarudi Dar kumchukua, tukasafiri jua likishazama.

Mwanzo ilikuwa raha tupu. Mchana Salma yuko ndani na bibi yake anafundishwa kusuka ukili wa mikeka. Magharibi ikiingia anatoka kukimbizana na wenzake uani. Alikuwa anacheka kicheko ambacho Dar sijawahi kukisikia, na mimi nikawa najisifu kimoyomoyo kwamba nimeweza.

Tatizo likawa wageni. Kila mama wa jirani alitaka kumwona mjukuu, na kule hodi inapigwa mkono ukiwa umeshasukuma mlango.

"Jamani, mtoto anakaaje kizani? Si mtamtia wazimu!" Huku pazia linavutwa.

Nikaeleza mionzi, nikaeleza ngozi, nikaonyesha hadi picha za alivyowahi kuungua. Wanaitikia, "Eeh, pole baba." Kesho anakuja mwingine, anasukuma mlango. Nikaishia kukaa pale mlangoni kama mlinzi wa benki, na stresi juu.

Asubuhi moja natoka kuswali alfajiri, kumeshapambazuka. Namkuta mama mkwe kizingitini, amembeba Salma ndani ya kanga, mtoto anatetemeka.

"Homa hii, baba. Nampeleka akaote jua kidogo. Jua la asubuhi halina neno, dawa hilo."

Wakuu, msimcheke. Sote tumelelewa hivyo. Kichanga kinatolewa asubuhi kwenye jua, mwenye homa anatandikiwa mkeka nje. Niliposema jua ni sumu, yeye alielewa jua la mchana.

Nikapiga kelele. "Mama, mrudishe ndani! Unataka kumuua?"

Watu wa Pwani mnajua nilichofanya. Mkwe unamsemesha umeinamisha macho. Mimi nilimkaripia mbele ya shemeji yangu, binti yake anayekaa naye, na majirani wanaochota maji. Akageuka, akamrudisha mtoto ndani. Ni heri angenitukana.

Homa lazima ipimwe, na kumtoa Salma mchana haiwezekani. Ikabidi nifuate mpimaji Kibiti mjini. Yaani nimwache mtoto mikononi mwa mtu yuleyule niliyemkaripia. Nikamwambia shemeji yangu, "Tafadhali, asitoke."

Kwenye bodaboda jua linapanda. Kila nyumba tuliyopita kuna mtu amekaa barazani anaota jua, raha mustarehe, na kila nikimwona namwambia dereva aongeze mwendo. Napiga simu ya shemeji, haipatikani. Napiga tena, haipatikani.

Kibiti nikabahatika kumpata muuguzi, mama wa makamo, akakubali kuja na kipimo cha malaria na dawa mseto. Njia nzima ya kurudi naomba dua moja tu, nimkute ndani.

Tunafika, uani kumejaa wanawake. Mlango wa chumba cha Salma wa upande wa uani umesimamishiwa mkeka, juu yake pametundikwa kaniki nyeusi.

Wakuu, mkeka, kaniki, wanawake wamekusanyika. Niwaze nini kama si msiba?

Nikakimbia. Shemeji akanikingia mikono. "Shemeji, huingii. Ndani kuna mwali."

Kwa wasiojua, mwali ni binti aliyevunja ungo. Zamani, na kwa wachache hata sasa, anawekwa ndani. Haonwi na wanaume, hapigwi na jua, mpaka siku ya kutolewa kwa ngoma. Lakini wangu ni mtoto mdogo!

"Mwali gani? Mmemfanya nini mwanangu?"

"Basi baba yake ndiyo kabisa haingii," akajibu mama mmoja. Muuguzi wakampitisha kwa mlango wa ndani, mimi nikaachwa uani. Kichwani nikawa na jibu moja: wamemtoa juani, ameungua, sasa wananificha. Nikamsukuma shemeji, nikaushika ule mkeka niung'oe.

Sauti ikatoka ndani. "Baba, usifungue! Jua litaingia!"

Nikauachia mkeka. Jua lilikuwa mgongoni kwangu, kali, na mimi ndiye niliyetaka kulifungulia.

Nilikaa chini palepale. Muuguzi akatoka akasema ni malaria, dawa ameanza, ngozi haina hata alama. Nililia mbele ya wanawake wote wale, sikuona haya.

Mama mkwe akatoka nyuma yake. Nikainamisha macho, nikamwomba radhi.

"Hajafundwa chochote, umri wake bado," akaniambia. "Nimeazima mlango wa mwali tu. Wewe uliwaeleza watu mionzi, hawakukuelewa. Na mimi sikukuelewa mpaka uliponifokea. Mwali kila mtu anamwelewa. Kama baba mzazi anazuiwa, nani mwingine atasukuma mlango?"

Kweli, tangu saa ile hakuna aliyesukuma. Watu walikuja, wakamsalimia wakiwa nje ya mkeka, wakangoja jua lizame. Homa ilipokata, Salma akamaliza likizo yake yote salama.

Nilichojifunza, kwa wenye watoto kama wangu: turubai na mapazia ni muhimu, kusafiri usiku ni muhimu, na jua la asubuhi nalo ni jua, lisemeni waziwazi. Ila msiishie kueleza ugonjwa. Tafuteni wenyeji wana heshima gani tayari kwa kitu kisichoguswa, mtoto wenu apite hapo.

Wenye uzoefu na likizo za watoto wa aina hii, ufukweni au mikoani, tupeane maarifa hapa. Na wale wa Kibiti na Rufiji, nisaidieni: mkwe niliyemfokea anaombwaje radhi hadi yaishe? Nimetuma wazee, nimepeleka kanga, ameshapokea.

Jana kapiga simu kuulizia likizo ijayo. Kasema, "Mleteni mtoto. Wewe baki Dar."