Sanda ya Mama

Nimechoka kusifiwa. Kila nikikaa dukani kwangu Kerege, duka la saruji na mabati, hakosi mtu wa kuniambia, "Wewe dada pepo yako umeshaikamata, mama umempeleka Hija." Naitikia inshallah, nampimia misumari yake, yaishe. Sina nguvu ya kuwaeleza.

Kumpeleka nilimpeleka kweli. Watu wa Dar walipoanza kujenga huku kwetu saruji ikanipa riziki nzuri, nikasema fedha ya kwanza ya maana ni ya mama. Mwenyewe yuko zake Mkange, analima mihogo na ufuta, hajawahi kuniomba hata ndala. Akaenda, akarudi na kitu kimoja alichokipenda: sanda. Mahujaji wengi hufanya hivyo, hununua sanda hukohuko Makka, huisuuza kwa maji ya zamzam, kisha huiweka kungojea siku yao. Ya mama ilikaa sandukuni na karafuu. Mimi nikija na wageni namwambia aitoe waione. Astaghfirullah, sanda ya mtu nimeifanya seti ya vikombe vya kabatini!

Mwaka juzi akafa jirani yake, mwanamke mchoma mkaa aliyehamia kijijini peke yake, hana mtoto, hana ndugu. Jina la Kiislamu alikuwa nalo, ila hakuna aliyemwona akisali, na mdomo wake ulikuwa pilipili. Nikaenda kumpa mama pole. Nikakuta sanduku liko wazi, karafuu zimemwagika kitandani.

"Shikamoo mama. Sanda iko wapi?"

"Marahaba mwanangu. Kaondoka nayo."

"Nani kaondoka nayo?"

"Si huyo tuliyemzika asubuhi."

Wallahi nilipandwa na hasira mpaka masikio yakavuma. Nikamwambia sanda za msikiti zipo, kila asiye na mtu anapewa bure. Nikamwambia ile nimeitolea jasho. Na usiniambie sanda haina mfuko, nikasema, hiyo naijua!

Mama alikuwa anapepeta mchele, wala hakunyanyua uso. "Za msikiti zipo, ndiyo. Ndiyo maana najua mimi sitakosa." Akapuliza makapi. "Yule maisha yake yote kapewa vilivyobaki. Niliona haya kumpa tena kilichobaki."

Nilimwona mjinga. Nasema kwa aibu, lakini ndivyo nilivyomwona. Kwangu dini ilikuwa kama bati: ukilipia geji nzito, hakuvuji. Nikarudi Kerege nikamwagiza mtu aliyekuwa anakwenda Umra aniletee sanda nyingine. Akaileta, ikakaa kwake Dar. Kila wiki nasema nitaifuata, na kila wiki saruji hainiachi.

Mama akafa mwaka huu, alfajiri, baada ya sala yake, bila kumsumbua mtu.

Nilifika Mkange saa tatu asubuhi. Maji yalikuwa yameshapata moto, na bafta ya msikiti imeshakatwa vipande vyake vitano. Nikasema hapana, subirini, sanda ya mama inakuja kutoka Dar, gari limeshatoka. Mwoshaji, mama mtu mzima wa palepale kijijini, akanitazama. "Njoo ndani kwanza, mwanangu."

"Nakuja, mama."

Nikatoka kwenda barabarani, maana dereva hapajui kwetu. Nikawa mtu wa simu. Kafika Bagamoyo. Kavuka Wami. Wakanitumia mtu kuniita, nikasema nakuja. Wakamtuma tena. Jamani nimesema nakuja! Adhuhuri ikaadhiniwa nimesimama palepale juani, nawaza watu watakavyoiona ile sanda, watakavyosema huyu mama ana mtoto.

Gari likafika. Nikaikumbatia sanda, nikakimbia nayo. Wanawake wakanipisha mlangoni. Ndani kunanukia udi na kafuri, na mama keshavishwa, bafta ya msikiti, kabaki uso tu.

Nikawaka. "Nani kawaruhusu?"

"Mwenyewe," akasema mwoshaji. Hakunikaripia, na afadhali angenikaripia. "Aliusia avishwe ya msikiti. Na maji ya mwisho akasema umwagie wewe, kwa mkono wako. Tumekuita, mwanangu. Tumekungoja mpaka adhuhuri ikaingia, na wanaume wako msikitini wanamsubiri."

Kata ya kumwagia maji ilikuwa imeegemezwa pembeni, bado inachuruzika. Mama yangu mzazi kaoshwa na majirani, na mimi nipo, mzima, nimesimama barabarani nangoja nguo.