Ng'ombe Aliyetakiwa na Kamera

Tarumbeta. Nikizisikia tarumbeta zile za zamani, zinazopigwa kama askari wanakimbizwa uwanjani, najua kuna mtu anataka kuniongopea. Juzi zilinikuta hapa Bariadi, katika ukumbi wa shule, tulipoitwa sisi wazee kuonyeshwa vipande vya sinema za kale ili, walisema, tuifahamu historia ya taifa letu. Sisi ndio tuifahamu! Vijana wawili kutoka Dar, fulana zao sare, walitundika shuka jeupe ukutani, wakatugawia soda, wakazima taa. Nikasema moyoni, haya, tufundisheni.

Akapita gavana na kofia yake ya manyoya, kama jogoo aliyelowa. Yakapita mashamba ya mkonge, ikapita reli. Kisha likaja vumbi, na ndani ya vumbi ng'ombe wenye nundu, na mbele yao mwanamke mmoja aliyejifunga kaniki, kichwa kakirusha nyuma, mdomo wazi, mkono unapigapiga midomoni. Nyuma yake watu wanakuja mbio. Msemaji, kwa Kiswahili cha kujikamua, akatangaza kwamba akina mama wa Usukuma wanashangilia mnada wa mifugo na wanaume wanakimbilia kuwahi nafasi. Ukumbi ukapiga makofi. Binti wa fulana akaniinamia: "Bibi, kumbe zamani mlikuwa na furaha hivyo!"

Mwanamke yule ni mama yangu. Kama ile ni furaha, basi na msiba ni ngoma.

Nyinyi nitawaeleza, maana wale wenye fulana walikuwa na haraka ya kukunja nyaya zao. Nilikuwa msichana mdogo, meno ya mbele yameng'oka na mengine hayajaja. Tuliishi kijijini, mwendo wa nusu siku kwa mguu kutoka Bariadi. Baba alikuwa mbali, anabeba marobota kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Nyumbani tulikuwa mayu, ndivyo tunavyomwita mama kwa Kisukuma, mimi, na mdogo wangu Masalu, kitoto kichanga chenye sauti kubwa kuliko mwili. Mayu alikuwa ameota majipu ya matiti, maziwa yakakauka. Masalu aliishi kwa maziwa ya ng'ombe wetu mmoja mwekundu mwenye baka jeupe kwenye paji, ambaye alizaa mwezi mmoja na mayu. Mayu hakumpa jina. Alimwita "mwenzangu." Asubuhi nikiamka nasikia maziwa yakichuruzika kibuyuni na mayu akimnong'oneza mwenzake habari za nyumba, na harufu ya samadi mbichi na moshi inaingia hadi kitandani.

Serikali ya wakati ule iliamua kwamba ng'ombe wetu ni wengi mno na ardhi imechoka. Sijui ardhi ilimwambia nani. Kila boma likatakiwa kutoa mifugo ya kuuzwa mnadani, na mwanangwa, yaani mkuu wa kijiji chini ya chifu, ndiye alipita kuchagua. Mifugo yake mwenyewe haikuichosha ardhi. Kwetu mayu alitoa dume zee, mbavu nje, jicho moja lina ukungu, na mwanangwa akakubali. Yakaisha. Au ndivyo tulivyodhani.

Siku ya mnada akaja Mzungu na kamera yake juu ya miguu mitatu. Akazunguka, akatazama mifugo iliyoletwa, akakunja pua. Watu walikuwa wametoa vikongwe na vilema, mlitaka watoe nini? Akamwambia mwanangwa kwamba wanyama hawa hawafai pichani, apatikane ng'ombe mzuri, mnono, wa kupendeza. Mwanangwa yule, ambaye akimwona Mzungu alikuwa akitabasamu mpaka masikio yanasogea, hakwenda zizini kwake. Alikuja kwetu. Akalirudisha dume zee, akafungua zizi, akamtoa mwenzake mayu. Ndama akabaki analia. Masalu naye akaanza.

Mayu alimfuata mpaka mnadani, mimi nimeshika kaniki yake. Alipiga magoti, akaomba kwa adabu zote: baba mwanangwa, mtoto atakula nini? Mwanangwa akamjibu bila kumtazama, "Mtoto atakula kama watoto wengine." Mpumbavu mkubwa! Mtoto asiye na jino.

Hapo ndipo mayu aliposimama akapiga mwano.

Mwano si vigelegele. Asiyejua, tena asiyeuliza, ataona mdomo na mkono tu. Mwano ni ukelele wa kuomba msaada: mwizi kaingia, fisi kavamia, nyumba inawaka. Ukiusikia unaacha ulichoshika, hata kama ni tonge, unakimbia. Asiyekimbia anatengwa, hata kaa la moto la jirani hapewi. Na watu walikuja. Walitoka mashambani na majembe, wengine na marungu, wa kwanza mzee Ngassa, jirani yetu, anahema kama mvukuto.

"Mwizi yuko wapi?" akauliza.

Mayu akamnyooshea kidole mwanangwa.

Askari walikuwepo na bunduki zao. Mzee Ngassa akamtazama mwanangwa, akasema taratibu, "Mwano umepigwa, mwanangwa. Mbona wewe umekaa?" Mwanangwa akacheka peke yake. Na yule wa kamera, sikilizeni kituko hiki, alikuwa amefurahi mno. Mbio zile zilimpendeza. Akaomba watu warudi walikotoka waje mbio tena. Mwanangwa akatafsiri. Hakuna aliyeinua mguu.

Lakini ng'ombe aliuzwa, na fedha yake mayu hakuigusa. Wanunuzi wa nyama wakamswaga, na watu wakarudi na majembe yao. Nililia kwa hasira. Wanaume wazima wameitikia mwano, wameona mwizi kwa macho, wamerudi nyumbani! Niliwadharau wote, na mwano wenyewe nikaudharau.

Jioni hiyo mke wa mzee Ngassa alileta kibuyu cha maziwa. Kesho yake akaja mwingine, keshokutwa mwingine. Waliweka kibuyu, wakamsalimu mayu, wakaenda. Masalu akanona. Leo anauza samaki Kalemela na kitambi kinamtangulia mlangoni.

Halafu siku moja akaja mke wa mwanangwa. Kibuyu chake kilikuwa kikubwa kuliko vyote, povu linamwagika pembeni. Siku hiyo mvua ilimchelewesha jirani aliyekuwa na zamu, na Masalu alikuwa analia mpaka sauti imekauka. Mayu alipiga magoti, akakipokea kibuyu kwa mikono miwili, akashukuru. Alingoja mgeni apotee njiani. Kisha akaenda nyuma ya nyumba, akayamimina yote kwenye chungu cha mbwa.

Nikapiga kelele, "Mayu, mtoto ana njaa!" Akaniambia tu, "Jirani atakuja," akambeba Masalu mgongoni, akawa anatembea naye huku na huku uani, katika matope. Niliamini mama yangu amerukwa na akili. Tulisubiri mpaka giza likaanza kuingia, na kila nikimsikia mtoto nilimchukia mayu, na mbwa nikamchukia zaidi, maana alikuwa akijilamba.

Jirani alikuja, amelowa chapachapa.

Ilinichukua miaka mingi, mpaka nami nikawa na watoto, kuelewa alichojua mwanamke yule ambaye hakuwahi kushika kalamu. Vibuyu vya majirani vilikuwa kuitikia mwano. Siku ya mnada hawakuweza kumshinda mtu wa bunduki, basi wakaitikia kwa kile walichokuwa nacho, na walikuwa bado wanaitikia. Kibuyu cha mwanangwa kilikuwa kitu kingine. Yale yalikuwa malipo. Mayu hakumuuza mwenzake, aliporwa. Lakini Masalu angeyaonja maziwa yale hata tone moja, basi tungekuwa tumeuza.