Pikapu ya Baba na Fremu za Kaka Yake

Nilipaka rangi kabla ya kufungua injini. Hilo ndilo lilikuwa kosa langu la mwanzo, na nililifanya nikijua. Kazi ya rangi unaiona kwa macho: unapiga msasa, unaziba matundu, unapuliza, unajua umefika wapi. Injini ilinitisha. Ufundi nilijifunza mwenyewe kwa kuchungulia kwenye gereji za Temeke, na hakuna aliyewahi kunikabidhi injini niifungue.

Pikapu ilikuwa ya Kiingereza, kuukuu, na baba aliiendesha kazini tangu ujana wake. Shirika alilofanyia kazi lilipouzwa naye akastaafishwa, aliomba auziwe hiyo. Wakati huo bandarini zilikuwa zinashushwa pikapu za Kijapani.

"Spea za hiyo kitu utazipata wapi?" majirani walimuuliza.

"Nitazitafuta," alijibu, akaenda zake.

Ilikuwa haiwaki tena, imekaa uani, nasi sote tuliingia kazini kuifufua. Mama alishona viti upya kwa turubai. Dada alipiga msasa mpaka kucha zikawa nyekundu kwa kutu. Mimi nilipaka bluu, nikaikwangua, nikapaka tena, kwa sababu kila asubuhi niliona doa ambalo wenzangu hawakuliona.

Kisha baba mkubwa akatangaza kwamba anajenga fremu za maduka. Kiwanja kilikuwa chake. Sisi tulikaa banda la uani.

"Bwana mdogo," alimwambia baba, "mafundi wanaanza Jumatatu baada ya Idi. Nikiikuta hiyo pikapu hapa, namwita mtu wa vyuma chakavu."

"Itatoka yenyewe."

"Itokeje? Mmemremba bibi harusi, hata kusimama hawezi."

Ndipo tulipofungua injini, tukakuta pistoni zimeganda. Ikabidi tuinyanyue kwa mnyororo kwenye magogo matatu, na mnyororo ukachuna rangi ya madigadi juu ya gurudumu. Nikaweka spana chini. Nilitaka tusimame nirudie rangi. Nilikuwa karibu kulia, sioni aibu kusema. Baba aliutazama mchubuko, akaupitishia kidole chenye grisi, makusudi kabisa.

"Haya, imeshachafuka. Tutoe pistoni."

Jumatatu mtu wa vyuma alifika asubuhi, injini tumesharudisha mahali pake. Baba aliingia kwenye usukani, stata ikagoma. Baba mkubwa alikuwa amesimama barazani, mikono mgongoni. Mama akakaza kanga kiunoni, akaweka bega nyuma ya pikapu.

"Sukumeni."

Tukasukuma, yeye, dada na mimi. Ikasogea kidogo, haikuwaka. Mtu wa vyuma akacheka, akaja ubavuni kwangu.

"Na mie nisukume basi. Ikigoma, nishaifikisha barabarani."

Ikakohoa, ikatoa moshi mweusi, ikawaka. Baba hakuondoka moja kwa moja. Aliizungusha, akaisimamisha mbele ya baraza injini ikiunguruma, akatoa kichwa dirishani.

"Shikamoo, kaka."

Sijawahi kusikia shikamoo yenye kiburi namna ile. Lakini ilikuwa shikamoo, na mkubwa hana njia ya kuikataa.

"Marahaba," baba mkubwa akasema.

Fremu zilijengwa, sisi tukahamia chumba cha kupanga Mbagala. Tangu hapo baba mkubwa hajatupangia jambo tena. Akiwa na saruji ya kubeba, humtuma mtu aje kumuuliza baba kama ana nafasi, na siku nyingine baba husema hana.