Zuhura, fseek na korosho za bibi

Leo korosho za bibi nusura ziende kwa jirani!

Programu yangu ya lugha ya C inasoma kilo za korosho za mkulima kwenye faili, kisha inaandika kilo mpya. Za bibi ikaziandika kwenye mstari wa jirani.

Mjukuu wa bibi, Zuhura, tunayeandika naye programu hapa Mtanda, akatazama skrini kidogo tu.

"Umesoma ukaunganisha na kuandika. Ukimwamkia mtu mzima si unasubiri marahaba ndipo useme shida yako? Weka amri ya fseek katikati, uiambie programu irudi mstari gani kabla ya kuandika."

Nikaweka. Zikakaa sawa!

Jamani, huyu dada ni moto. Nyie mnao wa hivi?

Bibi akaingia kutoka shamba. Nikamdaka mlangoni: "Bibi, korosho zako zimepona!"

Bibi akasimama palepale, akanitazama.

Zuhura akaita kutoka ndani: "Fseek!"

"Shikamoo, bibi."