Bango Juu ya Darasa la Kwanza

Mradi ulipofika kwenye shule yetu, kule pembeni kabisa mwa kitongoji cha Annexe ambako barabara inaishia kwenye mashamba ya mahindi, kitu cha kwanza kuletwa kilikuwa bango. Lilikuwa zuri, nakiri. Bati nene, nguzo mbili za chuma, nembo za wafadhili zimepangwa safu nzima, na chini yake, kwa herufi kubwa: ELIMU BORA KWA KILA MTOTO. Mimi nilikuwa mwalimu wa darasa la kwanza, na nilifurahi. Nilidhani vitabu viko kwenye gari linalofuata.

Gari lililofuata lilileta watu wa kupiga picha bango.

Mvua za kwanza zikaja na upepo wake, upepo ukang'oa mabati mawili juu ya darasa langu. Mkuu wa shule akaomba msaada kwa mradi. Akajibiwa kwa upole kwamba mradi haushughulikii mapaa, unashughulikia ubora. Basi kila wingu lilipokusanyika, mimi na ubora wangu tulifunga mlango na kuwarudisha watoto nyumbani.

Kati yao alikuwepo msichana mmoja aliyekuwa anarudia darasa, anayelelewa na bibi yake, mkulima wa jirani. Bibi huyo alinijia amekasirika, na alikuwa na haki.

"Madame, huyu mutoto anaendaka mukavu, anarudiaka mwenye kulowana, na kichwa iko ileile. Akikuya tena na maji bila kujua kusoma, atabakia na miye mu shamba."

Maneno hayo yaliniuma, kwa sababu mtoto alikuwa amekaribia kabisa kusoma. Alichokosa ni siku kavu tu.

Jumamosi moja baba wa mwanafunzi wangu mwingine, fundi wa kuchomelea, akaja na ngazi. Tukazunguka shule nzima tukitafuta bati la kuziba tundu. Bati zuri kuliko yote lilikuwa limesimama barabarani, halifanyi kazi yoyote. Tukatazamana. Spana ikatoka mfukoni mwake. Tuliligeuza ili maandishi yaangalie chini, ndani ya darasa, rangi isije ikaharibiwa na jua. Wafadhili tunawaheshimu sisi.

Tangu hapo mvua ilinyesha na sisi tukaendelea. Vitabu havikuwepo bado, lakini juu ya vichwa vyetu kulikuwa na herufi kubwa kuliko za kitabu chochote. Nilichukua mwanzi mrefu nikafundisha nikiangalia juu. Shingo zilituuma. Kisha siku moja msichana yule akausoma mstari wote, peke yake, bila mwanzi wangu: "Elimu bora kwa kila mutoto." Nilipiga vigelegele kama niko kwenye harusi ya mdogo wangu.

Wageni wa mradi wakaja kukagua. Waliipita shule, wakarudi, wakaipita tena, maana hawakuona bango. Mkuu wa shule akaingia darasani mwangu jasho likimtoka.

"Madame, panneau iko wapi?"

Nikaonyesha juu. "Iko inatumika, Directeur."

Kiongozi wa wageni, mama mwenye sura ya huruma, alisimama katikati ya darasa akainua kichwa. Nikamwita msichana asome. Akasoma. Yule mama alitokwa machozi, tena machozi ya kweli, akaomba mtoto asome tena ili arekodiwe. Alinishika mikono yote miwili, akasema haya ndiyo matokeo waliyokuwa wakiyatafuta. Halafu, kwa sauti ileile tamu, akaomba bango lirudishwe barabarani kabla ya mwisho wa wiki. Bango lisipoonekana, alisema, ni sawa na mradi kutokuwepo.

Likarudishwa. Mvua iliyofuata ilinikuta nafunga mlango. Niliwapeleka watoto hadi barabarani, na pale bibi alikuwa ananisubiri, amelowa, amekunja uso. Nilijua amekuja kumwondoa mtoto.

Msichana akamshika mkono akamvuta hadi mbele ya bango. Akasoma, maji yakimtiririka kidevuni.

"Asome tena," bibi aliniambia mimi, si yeye.

Akasoma tena. Bibi alizitazama zile nembo moja baada ya nyingine.

"Kesho atarudia ku masomo," akasema. "Lakini ile bati, muirudishe kule juu ya darasa kwenye ilikuwa."

"Wenye mradi balikataza, mama."

Alinitazama kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye niliyeshindwa kusoma. Kisha akamfunika mjukuu wake kwa kitenge, wakashika njia ya mashambani. Mvua ikazidi. Nilijibana chini ya bango nijikinge, lakini lilikuwa limesimama wima, halimkingi mtu.